Milimita Sitini na Sita

Jumatatu, 3 Februari

Ulimwengu na ujulishwe, na kijiji cha Hinterlahn kwanza: mimi, Kilian Rainalter, karani wa halmashauri, umri miaka hamsini na sita, mwenye akili timamu na goti moja zima, nimeamua leo saa nne asubuhi, kati ya leseni ya mbwa wa kwanza na leseni ya mbwa wa pili, kununua ski mpya za kutelezea kwenye theluji.

Nimemtangazia mke wangu Notburga wakati wa chakula cha mchana. Akauliza kama nataka donge la tatu la mkate wa kuchemsha. Hivyo ndivyo historia inavyopokelewa nyumbani kwangu.

Nilitaka donge la tatu.

Sababu za uamuzi huu naziandika hapa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Jumapili ni mashindano ya klabu ya ski ya kijiji. Kikombe sikitaki, wanaokitaka wakakinywee bia. Ninachotaka ni kiti. Katika mkahawa wa Tai kuna meza ya wenyeji, na nyuma ya meza hiyo kuna jiko kubwa la vigae linalopasha joto chumba kizima. Benchi limelizunguka jiko, na kwenye benchi hilo kuna nafasi moja, moja tu, ambapo mgongo wote hugusa vigae vya moto, kuanzia kiunoni hadi mabegani. Nafasi hiyo hupewa mwaka mzima mshindi wa waliovuka miaka hamsini. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu zetu. Miaka mitano sasa anaikalia shemeji yangu Ambros, kaka yake Notburga, mwenye bucha.

Mimi nakaa mlangoni. Miaka mitano! Anayeingia ananikung'utia theluji begani. Anayetoka ananiachia upepo kiunoni. Ijumaa iliyopita Ambros alinirushia kofia yake ya sufu kutoka kule kwenye joto lake, akasema, "Vaa, shemeji. Ukiganda hapo nani atatufungia mlango?"

Meza nzima ilicheka. Nami nikacheka, nisionekane mtu mdogo. Kisha nikaivaa, maana kweli kulikuwa na baridi.

Nimechunguza chanzo cha kushindwa kwangu. Si mimi. Ni ski. Hizi zangu zina upana wa milimita themanini na nane chini ya buti. Ni ski za mtu aliyekata tamaa. Theluji yetu asubuhi ni ngumu, imepitiwa na mtambo wa kusawazisha usiku, imeshikamana kama ubao. Juu yake ski pana huparaza na kuhama upande kama ng'ombe kwenye sakafu ya kanisa. Nyembamba hulala ubavu mara moja, makali yanauma, nayo huchora mstari mmoja mwembamba mpaka chini. Nimesoma yote haya ofisini. Foleni ya wenye mbwa ilifika mlangoni.

Jumanne, 4 Februari

Dukani kwa Ottilie Gstrein. Ottilie anauza ski, anazinoa, anafunga vishikio, na Jumapili ndiye msimamizi wa mashindano. Ni mwanamke wa maneno machache, na mengi kati ya hayo ni maswali.

Aliuliza nateleza wapi. Nikasema kwenye mteremko mgumu, asubuhi. Akauliza napenda kona fupi au ndefu. Nikasema zote. Akauliza nateleza namna gani, nimwambie ukweli. Nikamwambia kwa nguvu. Akanitazama kidogo, akaenda nyuma, akarudi na jozi ya upana wa milimita sabini na nne, laini kiasi, ya kijani. Alisema hii itanifaa, inashika vizuri, na ukikosea inakusubiri.

Pembeni, ukutani, zilikuwa zimesimama nyingine. Nyekundu. Sitini na sita! Nyembamba kama samaki mwenye njaa. Nikajaribu kuikunja moja kwa mikono, ikakataa. Nikapitisha ukucha kwenye makali yake, ikabandua ukucha kama inamenya kiazi. Ottilie alisema ile imetengenezwa kwa ajili ya vijana wa mashindano, ngumu, na haisamehe. Nikamwambia sikuja dukani kutafuta msamaha.

Hapo mlango ukafunguka akaingia Ambros. Amekuja kuchukua ski zake za zamani zilizonolewa, zile zile za mwaka wa mafuriko. Akasimama nyuma yangu, amekunja mikono, ananuka soseji na furaha.

Ottilie alikuwa ameshika kalamu na ile karatasi yake ya vishikio. Huwa hafungi kishikio bila kuijaza. Springi zinazoshika buti hukazwa kulingana na uzito wa mtu, ili akianguka ski itoke kabla mguu haujavunjika, na asipoanguka isitoke. Mtoto wa Hinterlahn anajua hili kabla hajajua kusoma.

"Uzito?" akauliza Ottilie.

Kilo tisini na nne. Nilizipima Jumapili baada ya ibada. Nikafungua mdomo. Nyuma yangu Ambros akaacha kupumua, kwa makusudi, ili asikie vizuri.

"Sabini na sita," nikasema.

Kalamu ya Ottilie ilisimama. Akanitazama kuanzia shingoni kushuka chini, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo refu. Akauliza, sabini na sita? Nikasema, na nusu, baada ya kula. Akaandika. Ambros alikohoa kikohozi kirefu sana. Ilipofika zamu yake ya kusomewa karatasi yake ya zamani, alimwambia Ottilie mbele ya watu afute ile mia na tano aandike mia na nane, msimu wa Krismasi ulikuwa mzuri. Mtu hana haya kabisa.

Nimetoka na zile nyekundu.

Jumatano, 5 Februari

Nimeomba ruhusa ya nusu siku kwa sababu ya meno. Lifti ya viti ya kwanza, saa mbili na nusu. Mteremko mtupu, theluji ina mistari midogo midogo kama bustani iliyopigwa reki, hakuna alama ya mtu. Nikavaa. Nikaegemea kushoto.

Mama yangu! Ski ikakata. Haikuparaza, haikuuliza, ilikata na kunibeba kama behewa kwenye reli. Nikageuka kutazama nyuma. Mistari miwili myembamba, safi, kama imechorwa kwa kisu. Nilisimama pale nikaitazama kama baba anayetazama mapacha wake.

Kona ya pili ilifanana na ya kwanza. Ya tatu haikufanana na kitu chochote. Ski iliendelea kukata huku mimi nimeshaacha, tukaingia wote kwenye foleni ya shule ya watoto, tukasimama katikati yao. Mwalimu aliniuliza kama niko kundi la pengwini au la dubu.

Kwenye tambarare hazitulii. Zinatafuta makali, moja huku moja kule, kama punda wawili wa mabwana tofauti. Ukilegea tu, zinakuchagulia njia. Nimeelewa sasa alichomaanisha Ottilie. Lakini ile kona ya kwanza! Nimeifikiria jioni nzima. Notburga aliniuliza mara mbili meno yanaendeleaje.

Alhamisi, 6 Februari

Jambo dogo. Mchana, nikiwa kwenye foleni ya lifti, nimesimama tu, nikageuka kumsalimia mtu, ski ya kulia ikafunguka. Kishikio kililia "tak", buti likawa huru. Nilifurahi. Vifaa vya mashindano vina hisia kali, havingoji kusukumwa. Ski zangu za zamani nisingeweza kuzivua hata kwa nyundo.

Sasa mpango.

Ambros ana jozi mbili. Zile za zamani, ambazo hazina kasoro nikisema kweli, na nyingine pana kama mbao za kukandia unga, za theluji laini. Akija na zile pana, amekwisha. Atakuja nazo iwapo tu ataamini Jumapili theluji italainika. Na nani anayebandika utabiri wa hali ya hewa kwenye ubao wa halmashauri? Karani.

Utabiri wa kweli: baridi, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri, anga safi. Kwenye faili la mwaka jana nimepata wa mwezi Machi: upepo wa joto kutoka kusini, theluji kulainika kuanzia asubuhi. Nikakata tarehe kwa mkasi. Nikabandika. Sikuandika uongo hata neno moja. Kila kilichoandikwa pale kiliwahi kutokea.

Ijumaa, 7 Februari

Mkahawani, mlangoni. Ambros hakusema lolote kuhusu utabiri. Niliugusia mara tatu. Nilisema inaonekana Jumapili joto. Akasema yeye hutazama mlima. Nikasema halmashauri imethibitisha. Akasema halmashauri ndiyo iliyothibitisha pia kwamba mbwa wake ni jike.

Lile lilikuwa kosa la kalamu, na lilisharekebishwa.

Notburga kaniambia njiani kuelekea nyumbani kwamba nikitaka joto angeninunulia mto wa kiti. Nikamwambia si suala la joto. Akanishika mkono, akasema anajua si suala la joto. Tukatembea. Ni mwanamke mwema, ingawa ni ukoo ule ule.

Jumamosi, 8 Februari

Balaa! Au bahati. Sijajua.

Ottilie, tofauti na shemeji yangu, husoma ubao. Alisoma kwamba kesho kuna joto. Kama msimamizi aliogopa njia ya mashindano isigeuke uji wakati watu wa mwisho wanashuka. Akawaita wazima moto. Leo alasiri wamepanda na mipira yao, wakaumwagilia maji mteremko wote, juu mpaka chini, uzuri kabisa, ili ugande uhimili hilo joto.

Joto ambalo haliji. Sasa hivi ni nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri na bado inashuka.

Nilipanda kwenda kuona. Mnara wa kanisa unaonekana ndani ya mteremko. Kichwa chini.

Nilimkuta Ottilie akipanga nguzo za njia, kumi na tatu. Alisema hii ndiyo theluji ya zile ski zangu. Kisha akauliza, bila kunitazama, kama nina hakika na ile karatasi. Angeweza kunikazia vishikio sasa hivi, ana bisibisi mfukoni, ni dakika mbili tu na hakuna mtu hapa.

Nilifikiria. Naapa nilifikiria. Lakini kukubali ni kukiri, na Ottilie hunywa chai na Notburga, na Notburga ana kaka. Nikasema nina hakika. Ottilie akarudisha bisibisi mfukoni.

Klabu ina kasha la suti za mashindano, zile za kubana na kuteleza. Nimeazima ya samawati. Zipu imekubali kufika kifuani.

Jumapili, 9 Februari

Sijashinda, kwa sababu za kiufundi. Kwenye kona ya mteremko mkali, nikiwa katika mwendo ambao wengi hawajawahi kuuona, ski ya nje ilishindwa kuhimili nguvu nilizoiwekea. Nilikuwa naongoza. Zaidi nitaandika kesho. Leo naandika nimelala kifudifudi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimewaeleza ofisini habari za ile kona. Nimemweleza mtu wa posta. Nimewaeleza wenye mbwa watatu. Habari imekuwa nzuri zaidi kila nilipoisimulia, mpaka mwenye mbwa wa tatu akaniambia kwa upole kwamba yeye jana alikuwa pale, amesimama karibu na nguzo ya kwanza.

Basi. Hiki ni kitabu changu, hakuna anayekisoma. Yaliyotokea ni haya.

Hapakuwa na kona. Sikufika kwenye kona yoyote nikiwa na ski.

Nilikuwa namba kumi na tisa. Ambros alikuwa ameshashuka, na zile ski zake za zamani, wima kama kabati, sekunde arobaini na nne na nukta nane. Alikuwa anaongoza. Nikaingia kwenye kibanda cha kuanzia. Nimewaona vijana kwenye televisheni namna wanavyotoka: hawasubiri, wanajirusha, mwili mbele, visigino juu, kisha miguu inafuata. Nikachomeka fimbo. Nikavuta pumzi, zipu ikashuka. Nikajirusha kwa kilo zangu zote tisini na nne.

Niliondoka. Ski zilibaki.

Zote mbili! Zilisimama pale kibandani bega kwa bega, tulivu, kama viatu nje ya mlango wa mgeni. Watu wanasema zilikuwa nzuri sana juani. Mimi wakati huo nilikuwa hewani, na nakumbuka nikijisikia mwepesi, kweli kama sabini na sita.

Kisha nikatua kwa makalio, na kifupa cha mwisho cha mgongo kikanijulisha kwamba kipo. Suti inateleza. Barafu ya wazima moto inateleza. Nilipita kati ya nguzo ya kwanza na ya pili kihalali kabisa, naomba hili liandikwe. Ya tatu niliichukua. Ya nne pia. Kuanzia hapo nilishuka nimezikumbatia, miguu mbele, nikizunguka taratibu, nikaweza kuona kijiji, kisha mlima, kisha kijiji. Nilimwona Ambros mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa anacheka. Mara ya pili alikuwa ameacha kucheka. Mara ya tatu alikuwa anakimbia.

Nilivuka mstari wa mwisho kwa mgongo, nikapita wavu, nikasimama chini ya meza ya supu ya akina mama. Uso wa Notburga ulitokea juu yangu, ana upawa mkononi. Aliuliza swali moja tu. Hakuuliza kama nimeumia.

"Ulimwambia Ottilie kilo ngapi?"

Nikafumba macho. Akaketi chini kwenye theluji kando yangu akacheka mpaka upawa ukamtoka mkononi. Alipomaliza alinifuta uso kwa aproni, polepole sana, kisha akanipapasa mbavu moja baada ya nyingine, na hapo hakuwa anacheka.

Sasa sikilizeni. Saa ya umeme ya Ottilie haibagui. Mtu akikata ule mwali wa mwanga mstarini, inaandika. Iliandika sekunde thelathini na tisa na nukta nne. Muda bora wa siku, wa rika zote! Niliuona mwenyewe ubaoni nikiwa nimelazwa kwenye machela. Nikamwita Ottilie, nikadai kiti.

"Umeshinda, Kilian," Ottilie akasema. "Ila umekuja peke yako."

Kanuni inasema mshindani avuke mstari akiwa na ski mguuni, angalau moja. Pia kuna suala la nguzo, nilipita sawasawa mbili kati ya kumi na tatu, lakini hilo alisema hatutalizungumza.

Saa tisa alasiri tukawa mkahawani, kutoa zawadi. Nilikwenda kwa sababu kutokwenda kungekuwa kusema kitu. Nikasimama mahali pangu, mlangoni. Ambros akaitwa, akapewa paja la nguruwe lililokaushwa kwa moshi, ambalo alikuwa amelitoa mwenyewe kwa klabu, akapigiwa makofi, akaenda akakaa kwenye vigae. Mwaka wa sita. Nilijiandaa kwa utani. Nilikuwa hata na jibu.

Hakutania. Alikaa pale kidogo, akanitazama, akainuka. Akapita katikati ya meza zote mpaka kwangu.

"Njoo, shemeji," akasema. "Leo kaa wewe. Mimi nilidhani umekufa, bwana."

Akanishika kiwiko kama bibi harusi, akanipeleka. Watu wakasogea. Kiti kilikuwa mbele yangu, mbao zake zimeng'aa kwa makalio ya mababu, vigae vinapumua joto. Miaka mitano nimekingoja.

Daktari alikuwa amesema nisikae kwa wiki tatu.

Nilijaribu. Nilishuka kama nusu ya njia. Kisha nikapanda tena, haraka kidogo. Ambros akaona. Akavuta benchi pembeni, akaniegemeza kwenye jiko nikiwa nimesimama, mgongo wote kwenye vigae, kuanzia kiunoni hadi mabegani. Naye akaenda akakaa mlangoni. Akiingia mtu, Ambros anapata theluji. Akitoka mtu, Ambros anafunga mlango. Nilisimama pale mpaka saa kumi na mbili, na nikiwa mkweli, sijawahi kupata joto namna ile maishani mwangu. Karibu nimwambie habari za ubao wa halmashauri. Karibu.

Leo nimekuwa na siku nzima ya kutafakari, nikiwa nimesimama. Nimefikia chanzo. Si uzito. Si vishikio. Ni kanuni. Kanuni ya ski moja mguuni imepitwa na wakati na inawaonea watu wenye kasi. Nimeandika barua kwa kamati ya klabu kuomba ifutwe kabla ya msimu ujao, kurasa mbili, mhuri wa halmashauri juu na chini.

Notburga ameisoma. Akauliza, basi mwakani nitashuka bila ski kabisa?

Sikuwa nimelifikiria hilo.

Nimempigia Ottilie. Nikamuuliza kama anazo suti zinazoteleza kuliko ile ya klabu. Akasema anazo, za Italia, zinafika wiki ijayo, anahitaji tu kujua saizi.

Nikamwambia ya kati.